Ugonjwa wa Kimeta

Kijiji cha Robanda, wilayani Serengeti, kipo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mahali kama hapo mifugo na wanyamapori huweza kuambukizwa ugonjwa mmoja. Kimeta ni mfano wake.

Kimeta huletwa na bakteria. Kila bakteria ni seli moja, ionekanayo kwa hadubini tu. Mwaka 1876 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alithibitisha kuwa bakteria hao ndio chanzo cha kimeta. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hupata hewa, nao hujifunika ganda gumu. Hivyo huweza kuishi udongoni miaka mingi.

Mtu ashikapo mzoga huo, bakteria huweza kuingia penye mchubuko wa ngozi. Hutokea kipele kiwashacho, kisha lengelenge, halafu kidonda chenye gamba jeusi. Mara nyingi kidonda hicho hakiumi, lakini usikipuuze. Kisipotibiwa chaweza kuua; kikiwahiwa hospitalini hupona.

Ukiona mnyama aliyekufa ghafla, usimguse wala usimchune. Mjulishe mzazi wako, naye amwarifu afisa mifugo.

Maswali
1. Kwa nini mzoga wenye kimeta usipasuliwe?
2. Kidonda cha kimeta hutambulikaje?