Maumivu ya Mwanamke na Maana ya Subira

Wako watu wengi wanaodhani kwamba kuumwa vikali wakati wa hedhi ni fungu aliloandikiwa mwanamke, na kwamba anayelalamika anadeka. Msichana akijikunja kitandani huambiwa, "Ni chango tu, utazoea." Akiolewa huambiwa, "Ukizaa yatakwisha." Na asipozaa, maneno hugeuka kuwa lawama. Katika somo hili tutaeleza ugonjwa mmoja uliofichwa na maneno hayo kwa muda mrefu, uitwao endometriosisi, na jinsi mwenye ugonjwa huo awezavyo kuishi nao.

Kwanza, yapasa ifahamike ni ugonjwa gani. Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi hunenepa, kisha humomonyoka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Katika ugonjwa huu, chembe zifananazo na za utando huo huota nje ya mji wa mimba: juu ya vifuko vya mayai, katika ngozi nyororo ifunikayo viungo vya nyonga, na pengine juu ya utumbo au kibofu. Nazo hufuata homoni zile zile za mwezi, bali damu yao haina njia ya kutokea. Basi mahali hapo huvimba, hufanya makovu, na viungo vilivyopasa kuteleza hushikamana. Ndiyo maana mgonjwa huumwa siku za hedhi na hata kabla yake, wakati wa tendo la ndoa, au aendapo haja. Huchoka mno, na wengine hupata shida ya kushika mimba. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu humpata karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi ulimwenguni.

Pili, si kweli kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Zamani madaktari wengine wa Marekani walifundisha kuwa huwapata hasa wanawake weupe wenye nafasi. Mwanamke mweusi akiumwa nyonga, alidhaniwa ana uambukizo ambao mara nyingi hutokana na magonjwa ya zinaa. Mwaka 1976 Daktari Donald Chatman wa Chicago alitangaza kwamba, katika wanawake weusi aliowachungulia ndani ya tumbo kwa chombo chenye taa, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi. Na wengi miongoni mwa hao walikuwa wamekwisha ambiwa kuwa wana uambukizo ule. Tafakari, ndugu msomaji: mke mwaminifu ameumwa, na badala ya kutibiwa ametiliwa shaka mwenendo wake! Kumbe ugonjwa ulikuwapo. Waliokosekana ni wenye kuutafuta.

Tatu, mgonjwa afanye nini? Dawa ya kuung'oa kabisa haijapatikana, lakini maumivu yaweza kupunguzwa sana.

(1) Aandike daftari: tarehe, mahali panapouma, ukali wake kutoka 0 hadi 10, na kazi aliyoshindwa kufanya. Maneno "kila mwezi nashindwa kusimama siku tatu" yana nguvu kwa daktari kuliko "naumwa." Tena ajue kwamba picha ya ultrasaundi isiyoonyesha kitu haithibitishi kuwa ugonjwa haupo.

(2) Dawa za maumivu kama ibuprofeni husaidia zaidi zikianzwa mapema, kabla maumivu hayajapanda, tena pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na mja mzito, wasizitumie bila kumwuliza daktari.

(3) Daktari aweza kutoa dawa za homoni, pamoja na vidonge vya majira, ili kutuliza chembe hizo. Mama asishtuke binti yake akipewa. Kwake hivyo ni dawa ya ugonjwa, wala si ruhusa ya jambo jingine.

(4) Wengine hupasuliwa ili chembe na makovu viondolewe. Nafuu hupatikana, ingawa ugonjwa waweza kurudi. Ama kuzaa, si tiba. Maumivu yakitulia wakati wa mimba, baadaye huweza kuanza tena.

(5) Kukanda tumbo kwa maji ya moto, kutembea na kunyoosha viungo huleta nafuu. Kazi nzito zipangwe katika siku za afadhali. Na ikumbukwe kuwa mishipa ya fahamu iliyoteswa muda mrefu huwa nyepesi kuhisi, hata maumivu hubaki baada ya matibabu. Huo si uzushi.

Nne, wako wasemao: "Mwenye imani hupaswa kusubiri, kuhangaikia tiba ni upungufu wa subira." Jibu ni kwamba subira si kunyamaza. Mkulima husubiri mavuno, lakini huku akisubiri hupalilia. Asiyepalilia hasubiri, bali amelala. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga mwezi wa Ramadhani. Je, yawezekana imwondolee mzigo wa ibada kubwa namna hiyo, kisha imtake abebe maumivu yenye dawa? Subira ya mgonjwa huyu ni kurudi kwa daktari mara ya pili na ya tatu, kubadili dawa isiyofaa, na kutokata tamaa nafuu inapokawia.

Na mume naye ana subira yake. Asimlazimishe mkewe katika saa ya maumivu, wala asimhesabie siku za kulala kuwa ni uvivu. Afuatane naye hospitalini, na jamaa wakiuliza habari za mtoto, ajibu yeye.

Basi, ewe msomaji, ikiwa nyumbani mwako yumo binti au mke ambaye kila mwezi hulazwa na maumivu, usimwambie atazoea. Mwulize anaumwa wapi na tangu lini, umwamini, kisha mwende pamoja kutafuta tiba.