Ute katika Vifuko vya Nywele: Baka Lisilo Mapunye Wala Ukoma

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi mmoja wa Mpepai, katika Mbinga, ametokwa na baka juu ya jicho. Baka lenyewe halizidi ukubwa wa sarafu. Rangi yake imepauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, na juu yake vimeota vipele vidogo vidogo, mithili ya ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi ya asubuhi. Baada ya majuma machache nyusi za upande huo zaanza kunyonyoka. Nyumbani husemwa kuwa ni mapunye, na mtoto hupakwa dawa. Dawa isipofaa, neno jingine huanza kunong'onwa, nalo ni ukoma. Na hapo ndipo mwenziwe wa dawati moja huhama.

Huenda si hili wala lile. Upo ugonjwa uitwao kitaalamu musinosisi ya folikuli, yaani kujaa kwa ute katika vifuko vya nywele. Ni ugonjwa adimu, na mwalimu aweza kumaliza miaka yake yote ya kazi asiuone. Hata hivyo unastahili kusomwa, kwa kuwa unaonyesha jinsi dalili moja ya ngozi iwezavyo kutokana na sababu zilizo mbalimbali kabisa.

Kila unywele huota katika kifuko chembamba kilichozama ndani ya ngozi. Ukuta wa kifuko hicho umejengwa kwa seli zilizoshikamana, na ubavuni mwake ipo tezi ya mafuta. Katika ugonjwa huu ute uitwao musini hukusanyika kati ya seli za ukuta huo na katika tezi, hata seli zikaachana na unywele ukakosa mshiko. Sehemu kubwa ya ute huo ni asidi ya hayaluroni, molekuli ndefu iliyoungwa kwa sukari nyingi na yenye tabia ya kushika maji. Mwanafunzi aliyepata kula mlenda anaijua tabia hiyo: utelezi wa mlenda nao hutokana na minyororo mirefu ya sukari ishikayo maji, ingawa kemia yake si ile ile. Kandokando ya vifuko vilivyoathirika hukutwa seli nyeupe za damu za aina ya limfosaiti T, na wataalamu hudhani kwamba ndizo zinazozichochea seli za kifuko kutoa ute.

Mwaka 1957 Hermann Pinkus, daktari wa ngozi nchini Marekani, aliueleza ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya upara wa ute. Miaka miwili baadaye Stefania Jabłońska wa Poland na wenzake walitumia jina la folikuli, na jina hilo ndilo linalofaa zaidi, kwani mahali penye malaika tu kunyonyoka kwake hakuonekani.

Kwa watoto na vijana mabaka huwa machache, hasa usoni, kichwani na shingoni, na mara nyingi hutoweka yenyewe kati ya miezi miwili na miaka miwili. Kwa watu wazima mabaka yaweza kuenea na kudumu miaka mingi. Vitabu vingi huyaeleza kuwa mekundu; maelezo hayo yametokana na ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hufichika, na kinachoonekana mara nyingi ni weupe wa kupauka.

Jambo zito ni uhusiano wake na saratani iitwayo mikosisi fungoidesi. Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza mwaka 1806, na kwa kuwa uvimbe wake ulifanana na uyoga, ikapewa jina la uyoga. Jina hilo limewapoteza wengi: ugonjwa huo hauna kuvu hata kidogo. Ni saratani ya zile limfosaiti T katika ngozi, na katika aina yake moja seli za saratani huvamia vifuko vya nywele, navyo hujaa ute. Baka la mzee wa miaka 60 laweza basi kufanana na la kijana wa miaka 14, kumbe moja litapona lenyewe na jingine ni mwanzo wa saratani. Umri husaidia kukisia tu; hautoshi kukata shauri. Wako hata wataalamu wanaoshikilia kwamba aina zote mbili ni ugonjwa mmoja wenye ukali tofauti. Ute huo hukutwa pia, kwa uchache, katika lupasi na pumu ya ngozi.

Na ukoma je? Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na wagonjwa wapya wa ukoma bado hugunduliwa kila mwaka. Kwa hiyo mganga hana budi kuufikiria. Baka la ukoma hupoteza hisia, na uwezo wa kutofautisha moto na baridi hupungua mapema. Mtego uko hapo. Wamepata kuonekana wagonjwa wa musinosisi ambao nao hawakutambua vema moto na baridi katika baka, ingawa mguso wa pamba waliuhisi, wakahesabiwa kuwa wakoma. Ndiyo maana mganga hupapasa pia neva za kiwiko na goti kuona kama zimevimba, na hutafuta bakteria kwa hadubini.

Hukumu ya mwisho hutolewa na kipande cha ngozi. Mganga hutia ganzi, hukata kipande chenye upana wa milimita 4 hivi, kisha hukitia katika fomalini. Maabara hukipaka rangi ya bluu ya alsiani, na ute huonekana wa bluu kati ya seli zilizoachana. Kwa mtu mzima kipande kimoja huenda kisitoshe, kwani saratani hiyo yaweza kujificha kwa miaka. Kutoka Mpepai njia hiyo huanzia zahanati, hupitia hospitali kama Litembo au Peramiho, na pengine hufika Moshi, ambako kituo cha kufundisha uganga wa ngozi kilianza katika hospitali ya KCMC mwaka 1992.

Njia ya mkato ipo, nayo ni ya hatari. Dapsoni, mojawapo ya dawa za ukoma, imewahi kuwasaidia baadhi ya wagonjwa wa musinosisi. Mtoto aliyepewa dawa za ukoma bila kupimwa aweza basi kupona baka lake, nyusi zikaota upya, na jina la mkoma likabaki naye.