Somo la Robo Hii: Vijana, Simu na Mkutano wa Kijiji



Moa ni kata ya pwani wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Tunapokaa na vijana wa huko, Waislamu na Wakristo, kuzungumzia utawala bora, tunaona jambo moja: habari za Nairobi wanazijua kuliko mapato na matumizi ya kijiji chao.

Hatuwalaumu. Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha kupitia X na TikTok. Waliueleza kwa lugha nyepesi na kusambaza namba za simu za wabunge. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuusaini. Mitandao ina nguvu, lakini gharama ilikuwa roho za watu.

Kwetu Tanzania, siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kote. Aliyetegemea simu peke yake alibaki gizani. Tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayechapisha habari za uongo kwa makusudi: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Amri ya nane ilikwisha kutuonya.

Je, kijana anyamaze? Hapana. Sheria Namba 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Pale hapahitajiki bando. Simu itumike kukumbushana tarehe ya mkutano na kuandaa maswali pamoja; swali lenyewe liulizwe mkutanini, mbele ya mwenyekiti.

Kwa wafadhili wetu: kumfundisha kijana simu bila kumfundisha uraia ni nusu ya kazi. Tusaidieni kuikamilisha.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Mkutano mkuu wa kijiji chetu ulifanyika lini mara ya mwisho? Vijana wangapi walihudhuria?

2. Tunapopata habari kwenye simu, tunaihakikishaje kabla ya kuisambaza?

3. Je, ndani ya kamati zetu wenyewe, kijana akiuliza habari za fedha anajibiwa au anakemewa?