Kutoka Kitandani Hadi Chooni

Simamisha chupa ya soda mezani, uisukume kidogo kwa kidole karibu na shingo. Inayumba, inarudi. Ongeza nguvu, inaanguka. Kitovu chake cha uzito kimevuka ukingo wa kitako, basi.

Mtu naye ni hivyohivyo. Kitovu chake cha uzito kipo jirani na kile alichozaliwa nacho, na kitako chake ni nyayo mbili na nafasi iliyo kati yake. Tena hatulii kama chupa: kila hatua ni kuanza kuanguka na kujidaka. Ili ajidake, ubongo unasikiliza macho, sikio la ndani na nyayo. Kijana akizimiwa taa, viwili vilivyobaki vinamtosha. Kwa bibi wa miaka 75 vyote vitatu vimefifia, na mguu wa kujidaka unachelewa kufika.

Sasa tuingie tembe la Kigogo pale Msalato, kaskazini ya Dodoma mjini. Dirisha dogo na paa la udongo huzuia joto, ujenzi wa akili sana kwa nchi kavu. Ila jicho la miaka 60 hupitisha takribani theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20, kwa kuwa mboni imesinyaa na lenzi imekuwa ya manjano. Bibi akitoka kwenye jua la uwanda huu wa mita 1,100 na kuinama mlangoni, kwa dakika kadhaa haoni kitu. Kizingiti ni cha udongo, sakafu ni ya udongo, rangi moja. Jicho hutambua ukingo kwa tofauti ya rangi, hapa haipo.

Nyumba ya bati na vigae haijaponya lolote. Vumbi jembamba la Dodoma juu ya kigae hufanya kazi ya punje za mtama chini ya kandambili, na maji ya kuoga humaliza kilichobaki cha msuguano. Mimi vigae vya bafuni kwa mzee sivipendi hata kidogo; saruji ya kukwaruza inamfaa zaidi.

Saa mbaya ni usiku. Anaamka kwenda choo cha uani, anainuka ghafla, damu inashukia miguuni, kichwa kinakuwa chepesi. Kitu kikidondoka kutoka kimo cha nyonga, sentimita 90 hivi, hufika chini kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli. Mfupa uliokonda hauhimili hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wanaoongoza ni waliovuka miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimwita mtu mzee.

Kwa hiyo usikague nyumba mchana ukiwa umevaa viatu vyako. Ngoja usiku, umwombe bibi mwende pamoja chooni, yeye mbele. Angalia anashika nini: hapo ndipo pa kupigilia mti wa kushikia. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame. Mkongojo uwe karibu na kitanda, maana huongeza mguu wa tatu na kupanua kitako. Na kizingiti kipake chokaa nyeupe kesho asubuhi. Ni kazi ya dakika tano.