Winchi ya tela: pima gogo kwanza, fundi baadaye

Kiangazi kimeshika. Mahindi yameingia ghalani, pamba iko mizanini, na barabara za mashambani zimekauka kiasi cha kupitisha trekta bila kukwama. Kwa mkulima wa Runzewe, wilayani Bukombe, na vijiji vya jirani mwenye mikaratusi au misindano iliyokomaa, huu ndio wakati wa kukata na kusomba. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, gogo lililobaki bondeni litalala huko hadi mwakani, na wadudu hawatalionea huruma.

Soko lipo. Wachimbaji wadogo wanahitaji matimba ya kuzuia kuta za maduara zisiporomoke, wenye mabani ya tumbaku wanatafuta kuni, na wajenzi wanaulizia mirunda na mbao. Kazi ngumu ni kupakia. Vijana watano wanaweka gogo begani, mmoja anateleza, wengine wanaachia, na faida ya msimu inaishia hospitali.

Ndiyo maana mwaka huu wengi wanauliza kama fundi wa kuchomelea anaweza kuwatengenezea winchi ndogo ya kufunga kwenye tela. Anaweza, na vyuma si shida: Runzewe iko kwenye barabara kuu ya malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga, na kila gereji ina mabomba na springi zilizochakaa. Kosa la kawaida ni kukimbilia chuma. Anza na gogo, halafu tela, chuma kiwe cha mwisho.

Gogo lako lina kilo ngapi?

Mkaratusi mbichi ni mzito karibu sawa na maji: mita moja ya ujazo inakaribia tani moja. Huhitaji mizani. Pima kipenyo cha upande mnene kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa urefu wa gogo kwa mita, kisha gawa kwa 12. Jibu ni kilo, na limezidishwa kidogo kwa ajili ya usalama. Kama una kamba tu, zungushia gogo, pima mzunguko na ugawe kwa 3 kupata kipenyo.

Gogo la sentimita 30 lenye urefu wa mita 3: 30 mara 30 mara 3 ni 2,700, gawa kwa 12, unapata kilo 225. Sasa chukua la sentimita 40, urefu uleule. Jibu ni kilo 400. Unene umeongezeka kwa sentimita 10 tu, uzito umekaribia kuwa mara mbili. Hapa ndipo macho yanapowadanganya wapakiaji.

Hesabu hiyo inakupa pia njia mbili za kupunguza mzigo bila gharama. Kwanza, kata gogo kwa urefu anaoutaka mnunuzi palepale lilipoangukia. Pili, kwa kuni na mirunda, uache mti ulioangushwa ukiwa na majani yake kwa wiki chache. Majani yataendelea kuvuta maji na shina litapungua uzito. Usifanye hivyo kwa magogo ya mbao, maana mkaratusi ukikauka ovyo hupasuka ncha.

Jaribu mteremko kabla ya winchi

Magogo ya safu ya chini hayahitaji winchi. Egemeza miti miwili imara, kila mmoja mita 3, kutoka ardhini hadi ukingo wa tela lenye kimo cha mita 1. Funga ncha za kamba mbili kwenye tela, zipitishe chini ya gogo, zizungushe juu yake, kisha zivuke tela hadi upande wa pili walipo maksai. Wakivuta, gogo linapanda likiviringika.

Mteremko wa mita 3 kwa kimo cha mita 1 unabakiza theluthi ya uzito, na kamba iliyolizunguka gogo inaigawa theluthi hiyo kwa mbili. Gogo la kilo 300 linavutwa kwa nguvu ya kilo 50, au zaidi kidogo ukihesabu msuguano. Jozi ya maksai haitahisi kitu. Weka kabari nyuma ya gogo kila linapopanda, na asisimame mtu upande wa chini.

Mteremko una mwisho wake. Safu ya pili ikifika kimo cha mita moja na nusu, miti ile inakuwa wima mno. Upande wa pili ukiwa na korongo au miti, maksai hawana pa kuvutia. Na kama una vijana wawili tu, kamba mbili, kabari na maksai ni kazi ya watu wanne. Mahali kama hapo winchi inalipa.

Inalipa pia kwa sababu nyingine ambayo wakulima wengi hawaihesabu. Mkaratusi huchipua kwenye kisiki. Gogo linaloburutwa shambani linachubua maganda ya visiki, na kisiki kilichochubuliwa kinachipua vibaya au hakichipui kabisa. Gogo linaloinuliwa karibu na lilipokatwa linakuachia shamba la mavuno ya pili.

Tela lisipinduke

Watu huogopa mlingoti kuvunjika. Mara nyingi kinachotangulia ni tela kupinduka.

Chukua tela la trekta lenye kilo 1,000 likiwa tupu, na mita 1.5 kati ya tairi na tairi. Uzito wake uko katikati, yaani mita 0.75 kutoka tairi la upande unaopakia. Zidisha: 750. Gogo la kilo 300 likining'inia mita 1.2 nje ya tairi hilo linafanya 360. Tela linashinda mara mbili, na hicho ndicho kiwango cha chini ninachokishauri.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa tela la pawatila lenye kilo 250 na mita 1 kati ya tairi: 250 mara 0.5 ni 125. Gogo lina 360. Tela litapinduka kabla gogo halijaacha ardhi.

Dawa ni mguu wa kuegemea upande wa kupakia, ukitoka sentimita 60 nje ya tairi. Sasa tela linageukia kwenye mguu, si kwenye tairi. Mkono wa gogo, yaani umbali wake kutoka kwenye mguu, umepungua hadi mita 0.6, na mkono wa tela la pawatila umefika mita 1.1. Kwa gogo la kilo 200, tela lina 275 na gogo lina 120. Hapo pana usalama. Kwa hiyo pawatila yenye mguu iishie kilo 200, na tela la trekta la kipimo nilichotaja liishie 300, nalo liwe na mguu vilevile. Mguu uwe na kiatu cha chuma cha sentimita 20 kwa 20, na chini yake ubao mnene; udongo wa shamba ni laini na kiatu peke yake kitazama. Uukaze kabla ya kuinua chochote.

Tela liwe limefungwa kwenye trekta, breki imevutwa, tairi zimewekewa mawe, na mahali pawe tambarare. Pakiwa na mwinamo, mkono wa winchi utajizungusha wenyewe na mzigo wake.

Mlingoti, soketi na mkono

Mlingoti usimame ubavuni mwa tela, karibu na ekseli. Ukiuweka nyuma kabisa ya tela la ekseli moja, mzigo utainua ulimi wa tela na kuuchomoa kwenye trekta.

Kwa kikomo cha kilo 300 na mkono wa mita 1.5, mlingoti uwe bomba la chuma la inchi 4 lenye unene wa ukuta usiopungua milimita 5. Bomba jepesi la maji halifai, hata likiwa na kipenyo hicho. Mkono uwe bomba la mraba la inchi 3, unene huohuo, na chini yake mhimili wa mshazari kutoka katikati ya mkono hadi kwenye mlingoti. Usikubali kurefusha mkono "kidogo tu": kila sentimita unayoongeza inaongeza mzigo kwenye mlingoti na kwenye tela.

Soketi ndiyo inayobeba kazi yote, na ndiyo mafundi huifanyia haraka. Ni bomba linalomeza mlingoti, lenye bushi juu na chini ili usicheze. Kilo 300 kwa mkono wa mita 1.5 zinafanya 450. Soketi ikiwa na urefu wa nusu mita, kila ncha yake inasukumwa kwa nguvu ya kilo 900. Ukiifupisha hadi robo mita, kila ncha inabeba 1,800. Kwa hiyo ishuke chini ya sakafu ya tela, ichomelewe kwenye chaneli za chesisi, na ncha ya chini ifungwe kwa mihimili miwili hadi kwenye chesisi. Soketi iliyochomelewa kwenye bati la sakafu itang'oka na bati lake.

Mlingoti uchomoke. Ukimaliza kupakia, uchomoe ulale juu ya magogo, usafiri umefungwa. Toboa tundu la pini ya kuuzuia usizunguke unapotaka utulie.

Cheni bloku, si roli isiyo na breki

Kwa wale waliozoea machimbo, wazo la kwanza ni kufunga roli ya kuzungusha kwa mikono kama ile ya kupandishia mawe kutoka kwenye duara. Roli isiyo na breki ikimponyoka mtu, mpini unarudi kwa kasi na kuvunja mkono au taya. Nunua cheni bloku ya tani 1. Ina breki yake ndani. Ukiachia mnyororo, mzigo unabaki ulipo. Itundike kwenye ncha ya mkono kwa pini nene yenye kifungo.

Wengine hupenda kupitisha waya kwenye kapi la nchani na kuweka winchi chini kwenye sakafu. Waya unaoshuka kutoka kwenye kapi nao unavuta ncha kuelekea chini, hivyo gogo la kilo 300 linaweza kuulemea mkono kwa karibu kilo 600. Mkono uliopimwa kwa 300 hautavumilia.

Koleo la kushikia gogo fundi anaweza kulitengeneza kwa mabapa ya springi ya lori, lakini asiyapige moto kiholela. Springi iliyochomelewa vibaya inakatika ghafla bila kupinda kwanza. Mnyororo mzuri wenye kitanzi ni salama zaidi kwa anayeanza.

Ijaribu nyumbani

Andika kwa rangi kwenye mlingoti wa tela la trekta: KILO 300. Kisha ijaribu kwa zaidi ya hapo. Mifuko 8 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 400. Ifunge pamoja, iinue sentimita 10 tu kutoka ardhini, uiache dakika 10. Tazama welidi za soketi, tazama kama mlingoti umepinda na haukurudi, tazama kiatu cha mguu. Ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye welidi, rudisha kwa fundi ikatwe na kuchomelewa upya. Asipake tu welidi nyingine juu yake.

Shambani, mtu mmoja ndiye atoe amri. Gogo liongozwe kwa kamba iliyofungwa nchani, si kwa mikono. Asipite mtu chini ya mzigo, na watoto wawe mbali. Kama umeajiri vibarua, kumbuka kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakuhusu wewe mwajiri. Kwa michoro na ushauri wa kiufundi, SIDO, shirika la viwanda vidogo, na CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo, ni mahali pa kuuliza kabla ya kumkabidhi fundi fedha.

Usisahau uwezo wa tela lenyewe. La tani 3 linachukua magogo 13 ya kilo 225, basi. Winchi ikirahisisha kupakia, kishawishi cha kuongeza la 14 na la 15 ni kikubwa, na matela mengi hayana breki zake.

Hati kabla ya safari

Mti uliopandwa na wewe mwenyewe nao ni zao la msitu mbele ya sheria. Anza ofisi ya kijiji, kisha ofisa misitu wa wilaya, upate hati ya kusafirishia. Ulizia hapohapo saa zinazoruhusiwa kusafirisha. Mninga na mkongo ni miti iliyohifadhiwa popote ilipo, hata ikiwa shambani kwako. Usiiguse bila kibali.

Kazi za kufanya sasa

Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, na wazee wanakumbuka ardhi ya Shinyanga ilivyobaki uchi hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na kufufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa. Kifaa kinachorahisisha kusomba kinarahisisha pia kumaliza miti. Kwa hiyo ratiba ya kiangazi hiki iende pamoja na ya kupanda:

- Kata visiki vya mikaratusi chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mwinamo ili maji yasituame. Machipukizi yakikua, bakiza moja au mawili yenye nguvu.
- Jaza viriba na sia mbegu mwezi Agosti, miche iwe tayari kwa mvua za Novemba na Desemba.
- Usipande mikaratusi bondeni. Sheria inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na kisima cha jirani nacho kinahitaji maji.
- Safisha njia ya moto kuzunguka shamba la miti kabla ya Septemba.
- Peleka tela kwa fundi sasa, wakati bado hana foleni ya majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Beba na karatasi yenye namba tatu: uzito wa tela likiwa tupu, upana kati ya tairi, na kilo za gogo lako zito kuliko yote. Fundi asiyetaka kuziona namba hizo, tafuta mwingine.