Sabasaba: nauli yako ya kurudi iko wapi?

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni, uwanja wa maonyesho wa Barabara ya Kilwa, Temeke, hufurika watu. Kilele ni Julai 7, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954.

Sasa fikiria: giza linaingia. Umepotezana na wenzako, na hela yote imeishia kwenye mabembea na chipsi. Kaka mmoja mchangamfu anakununulia soda, anasema, "Usijali, nitakupeleka nyumbani." Utafanyaje?

Soda siyo deni. Hata ukiinywa, bado una haki ya kusema hapana. Ila hapana hutoka kirahisi kama nauli ipo mfukoni. Kwa hiyo:

1. Tenga nauli ya kurudi kabla hujaingia. Usiiguse!
2. Pangeni mapema mahali na saa ya kukutana, kabla ya giza.
3. Usinywe kinywaji ambacho hukuona kikifunguliwa.
4. Umekwama? Mwone askari, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Jadilini darasani: Je, mvulana naye anaweza kukutwa na haya? Kwa nini wengi wao hawasemi?