Kome wa mtoni na sumu isiyoonekana

Katika mlango wa tohara tulisoma mambo matatu ya kuangalia maji yakiingiwa na najisi: rangi, ladha na harufu. Sasa tazama maji ya Ruvubu, mto unaokusanya vijito vya vilima vya Gitega na Muyinga na kuyapeleka Kagera, hadi Ziwa Viktoria. Mvua ikinyesha baada ya wakulima kunyunyizia kahawa au nyanya, sehemu ya dawa huteremka bondeni. Hiyo si najisi, udhu wako hauna neno. Lakini inaweza kudhuru ikiwa kidogo mno, bila kubadilisha hata moja ya yale matatu. Mama anayechota hapo atajuaje?

Kome anajua. Mnyama huyu wa magamba mawili hujizika nusu mchangani, hahamihami, na hula kwa kuchuja maji, lita nyingi kila siku. Dawa zinazokaa kwenye mafuta, kama DDT, hujilimbikiza mwilini mwake mpaka zikapimika, hata pale chupa ya maji ya siku moja isipoonyesha kitu. Wala jambo hili si la mbali: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta mabaki ya DDT katika samaki wa Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Burundi. Dawa za jamii ya oganofosfeti huvunjika upesi, ila hudhoofisha kimeng'enya kinachohusika na mishipa ya fahamu. Kikipimwa, hujulikana kwamba zilipita.

Kazi yenyewe ni hivi. Chukua kome wa ukubwa mmoja kutoka sehemu safi ya mto huohuo, uwatie katika vikapu viwili vya wavu: kimoja juu ya mashamba, kingine chini yake, kwa wiki nne. Unacholinganisha ni vikapu hivyo viwili.

Kuna udhaifu. Kome akihisi sumu hujifunga na kuacha kuchuja. Warszawa, Poland, wameufanya huo kuwa faida: kome 8 wenye vihisio hulinda maji ya mji, na wakijifunga, maji husimamishwa. Kwetu sisi tusio na vihisio, sumu kali ya saa chache inaweza kupita kome akiwa amefunga. Basi siku ya mvua kubwa chota na maji pia.

Vipimo vya maabara ni ghali, ndugu zangu wa biolojia na kemia. Kuhesabu waliokufa katika kila kikapu kunataka daftari tu. Hesabu hiyo haitaji sababu ya kifo, lakini itawaonyesha ni kijito gani sampuli zake zinastahili kulipiwa kwanza.